Apolo Kivebulaya, aliyerudi kwa watu waliomshtaki

Zimebaki wiki chache Majilio yaanze. Hapa kwetu Bwera huhitaji kalenda ili kujua hivyo. Kahawa imeanikwa kwenye maturubai kila uwanja, wakulima wanalipa madeni ya mwaka mzima, na pale Mpondwe msururu wa wanaovuka kwenda Kasindi unazidi kurefuka, maana watu wanatafuta vitenge na mchele wa Krismasi. Hizi ndizo wiki ambazo kila mfanyabiashara anakaa chini na daftari lake kupiga hesabu.

Kanisani nako ni wiki za hesabu. Masomo yanayofunga mwaka wa kanisa ni makali. Tunasomewa habari za wanawali walioishiwa mafuta ya taa, za mtumishi aliyefukia talanta ardhini, na za mfalme anayetenga kondoo na mbuzi. Halafu Majilio yanafika na sauti ya Isaya na ya Yohana Mbatizaji, zikitutaka tutengeneze njia, mabonde yajazwe na penye kupinda paponyoke. Neno lenyewe Majilio latokana na kujilia, yaani kumjia mtu pale alipo. Ni majira ya kungoja kujiwa, lakini pia ni majira ya kujiuliza sisi wenyewe tumemwendea nani.

Siku za wiki mimi nauza chumvi ya Katwe na samaki wakavu. Jumapili nasaidia kanisani kama katekista. Mwaka huu mchungaji amenipa zamu ya kuhubiri Jumapili ya kwanza ya Majilio. Nimeamua kuwaeleza watu maisha ya Kanoni Apolo Kivebulaya. Jina lake linajulikana sana upande huu wa nchi, na hata chuo cha walimu mjini Fort Portal kimeitwa kwa jina lake. Hata hivyo wengi wetu tunajua jina tu, hatujui alipita wapi wala lilimgharimu nini. Nina sababu yangu pia ya kumchagua, nayo nitaieleza mwishoni.

Pacha wa Kiwanda

Apolo alizaliwa Buganda, kijiji cha Kiwanda, yapata mwaka 1864. Alikuwa pacha, ndiyo maana aliitwa Waswa, jina ambalo Waganda humpa pacha wa kiume aliyetangulia. Ujana wake uliangukia wakati mgumu. Wamisionari wa Kianglikana walikuwa wamefika kwa Kabaka Mutesa mwaka 1877, Wakatoliki wakawafuata mwaka 1879, na Uislamu ulikuwa umetangulia kwa miaka mingi pamoja na wafanyabiashara kutoka pwani. Kila upande ulitafuta vijana. Kati ya mwaka 1888 na 1892 Waganda walipigana vita vya dini, na ndugu wa nyumba moja walijikuta wameshika bunduki pande mbalimbali.

Waswa naye alipita katika misukosuko hiyo. Kwanza alijifunza kazi ya uganga, akaiacha baada ya kuona udanganyifu uliokuwamo. Kisha akafundishwa Uislamu. Baadaye alisikia mafundisho ya Alexander Mackay, yule fundi wa Kiskoti aliyefika Buganda mwaka 1878 na kufa mwaka 1890 kusini mwa Ziwa Victoria. Maneno ya Mackay hayakumtoka moyoni, ingawa ilichukua miaka kabla hayajazaa kitu. Alibatizwa mwanzoni mwa mwaka 1895, akiwa mtu mzima wa miaka thelathini hivi, akachukua jina la Apolo.

Jina la Kivebulaya lilikuja kama utani. Alipenda kuvaa koti la kizungu pamoja na kanzu yake, na watu wakamwita kitu kilichotoka Ulaya. Ni jina la kuchekesha kwa mtu ambaye maisha yake yote alitembea kwa miguu katika njia za Waafrika, akala chakula chao na kulala katika nyumba zao za nyasi. Alikuwa amewahi kuoa, lakini mkewe alifariki, naye hakuoa tena. Hakuacha mtoto wala mali ya kugombaniwa.

Mwaka huohuo wa 1895 alipelekwa Toro kama mwalimu. Miaka minne kabla ya hapo, Lugard alikuwa amemrudisha Kasagama kwenye kiti cha ufalme wa Toro, na kujenga ngome pale Katwe kwa ajili ya kulinda ziwa la chumvi. Ikumbukwe kwamba chumvi hiyo ndiyo iliyokuwa fedha ya nchi hizi, na watu waliifuata kutoka mbali, kutoka pande ambazo leo ni Congo. Kasagama alibatizwa mwaka 1896, akaitwa Daudi. Kabarole, yaani Fort Portal ya leo, ikawa kituo ambako walimu walitumwa kwenda kila upande.

Njaa ya Boga

Ndugu msomaji, tuelewane kuhusu mahali. Mto Semliki unatoka Ziwa Edward pale Ishango, si mbali na Kasindi ambako wengi wetu tunafanyia biashara. Unapita magharibi ya mlima Rwenzori na kumwaga maji yake Ziwa Albert. Ukifuata bonde hilo kuelekea kaskazini, kwenye vilima vilivyo juu ya ukingo wa magharibi, utafika Boga, ambayo zamani iliandikwa Mboga. Nyuma yake unaanza msitu mkubwa wa Ituri.

Boga ilitawaliwa na chifu Tabaro. Walimu waliotangulia kupelekwa huko walirudi Kabarole, wameshindwa na njaa. Hawakupigwa wala kufukuzwa. Watu walikatazwa tu kuwapa au kuwauzia chakula, hiyo ikatosha. Kila mfanyabiashara wa mpakani anajua silaha hiyo. Barabara ikifungwa wiki mbili, bei ya unga inapanda, na mgeni asiye na shamba wala shangazi ndiye anayelala njaa kwanza.

Mwishoni mwa mwaka 1896 Apolo alikubali kwenda mahali hapo ambapo wenzake walishindwa. Alipita bega la kaskazini la Rwenzori, akateremka bondeni kwenye joto na wanyama, akavuka Semliki, akapanda vilima vya upande wa pili. Baadhi ya watu walimpokea, hasa vijana waliotaka kujifunza kusoma. Lakini mafundisho yake yaligusa waganga na yaligusa ndoa za wake wengi, nayo hayo yaligusa nyumba ya chifu mwenyewe. Tabaro akamgeukia. Chakula kikawa shida kwake kama kwa wale waliomtangulia, akavumilia.

Mkuki majanini

Kisha likatokea jambo ambalo lingeweza kumaliza kazi yake yote. Dada yake Tabaro alianguka juu ya mkuki uliokuwa umefichwa na majani marefu, akafa. Ilikuwa ajali. Lakini mwalimu huyu alikuwa mgeni, tena alikuwa amekwisha kuchukiwa, na watu walihitaji wa kumbebesha kifo kile. Apolo akashtakiwa kuwa ameua. Alikamatwa, akapigwa, akavushwa Semliki akiwa mfungwa, akatiwa gerezani Toro.

Tufikirie kidogo hali yake. Alikuwa amekwenda kuwafundisha watu kwa hiari yake, akarudi amefungwa kama muuaji. Hata miongoni mwa Wakristo wenzake, wote wasingeweza kujua ukweli wa tukio lililotendeka ng'ambo ya mto, mbali na macho yao. Katika siku hizo za mashaka, kama alivyosimulia mwenyewe baadaye, alimwona Kristo aking'aa kama jua, akimtia moyo kwamba yuko pamoja naye. Wengine watasema ni ndoto ya mtu aliyechoka. Mimi naangalia alichokifanya baada ya hapo, maana hicho kilionekana na watu wote.

Hatimaye aliachiliwa, kwa kuwa hatia haikuonekana. Wakati ule alikuwa na haki ya kuomba kituo kingine. Toro yenyewe ilikuwa na vijiji vingi visivyo na mwalimu, na hakuna ambaye angemlaumu. Yeye akarudi Boga. Alirudi kwa chifu aliyemshtaki na kwa watu waliomnyima chakula, akajenga tena na kuanza kufundisha tena.

Tabaro mwenyewe alibadilika. Yule aliyemtia pingu akawa mwanafunzi wake, akabatizwa na kuitwa Paulo. Jina lenyewe lilifaa, maana mtume Paulo naye alianza kwa kuwatesa watu wa kanisa. Ningependa kujua siku ya kwanza walipokutana tena walitazamana vipi, na nani aliyetangulia kusalimu. Kwangu mimi, mahubiri yote ya Majilio yamo katika ile safari ya pili ya kuvuka Semliki. Safari ya kwanza Apolo aliwaendea watu asiowajua. Ya pili aliwaendea watu aliowajua vizuri, pamoja na ubaya wao.

Mpaka ulipochorwa

Apolo alifanywa shemasi mwaka 1900 na kasisi mwaka 1903. Kwa miaka kadhaa alifanya kazi Toro, akizunguka vijijini, akijenga makanisa na kufundisha walimu wengine. Wakati huo wakubwa wa Ulaya walikuwa wanagawana nchi hizi. Mwaka 1910 Waingereza, Wabelgiji na Wajerumani walikubaliana mjini Brussels juu ya mipaka yao, na mwaka 1915 Waingereza na Wabelgiji wakamaliza maelewano juu ya mpaka wa Uganda na Congo. Boga ikaangukia upande wa Wabelgiji.

Sisi wa Bwera hatuhitaji kuelezwa maana ya jambo hilo. Mpaka huohuo ndio unaofuata mto Lhubiriha hapa kwetu, ukawaweka Bakonzo upande mmoja na Wanande upande wa pili, watu wanaosikilizana lugha na kuoana. Kila siku tunaonyesha karatasi ili tukamzike mjomba au tukauze debe la maharage.

Kwa Apolo, mpaka ulimaanisha kwamba waumini wake sasa walikuwa chini ya serikali nyingine, lugha nyingine ya ofisini na sheria nyingine. Kanisa lake lilikuwa na makao Namirembe, upande wa Waingereza. Ingekuwa rahisi kusema kwamba Boga si kazi yetu tena. Katika miaka ya Vita Kuu ya Kwanza alirudi kukaa huko, akiwa na umri wa miaka zaidi ya hamsini. Mara hii alikaa mpaka kufa.

Kuanzia mwaka 1921 alianza kuingia msituni kwa Wambuti, wale watu wafupi wawindaji ambao majirani zao wengi waliwadharau na kuwatumia. Hakuwangoja watoke nje wamfuate. Aliwafuata kwenye kambi zao, chini ya miti inayoziba jua, akafundisha na kubatiza. Mwaka 1922 alifanywa Kanoni wa kanisa kuu la Namirembe. Wakati huo cheo cha namna hiyo kwa Mwafrika kilikuwa jambo kubwa. Baada ya kukipokea alirudi kwenye nyumba yake Boga.

Alifariki tarehe 30 Mei 1933, akiwa na umri wa karibu miaka sabini. Desturi ilikuwa kumlaza Mkristo kichwa kikielekea mashariki. Yeye aliagiza kichwa chake kielekezwe magharibi, kwenye msitu, kwa kuwa kazi iliyobaki ilikuwa upande huo. Alizikwa hivyo. Mwaka 1972 Boga ikawa makao ya dayosisi, na mwaka 1992 Waanglikana wa nchi hiyo, ambayo wakati huo iliitwa Zaire, wakapata jimbo lao wenyewe. Wote wanahesabu mwanzo wao kwa mwalimu yule aliyerudishwa Toro amefungwa kamba.

Sisemi haya ili tudhani kwamba Boga ni mahali pa amani tangu hapo. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Mei 2021, yaani usiku wa siku ile ya kumbukumbu yake, waasi walivamia Boga na Tchabi na kuua zaidi ya watu hamsini. Miaka miwili baadaye, tarehe 16 Juni 2023, waliingia shule ya sekondari hapa Mpondwe, wakaua zaidi ya watu arobaini, wengi wao wanafunzi. Boga na Mpondwe zimeunganishwa na bonde moja, na sasa zimeunganishwa na msiba mmoja.

Deni langu

Sasa nieleze sababu yangu. Waasi haohao waliivamia Mpondwe kwa mara ya kwanza tarehe 13 Novemba 1996, wiki mbili na nusu kabla ya Majilio. Mimi nilikuwa kijana mwenye mke na mtoto mchanga. Tulikimbia na godoro moja, tukaishi mjini Kasese kwa zaidi ya miaka minne, tukilala chumba kimoja na nduguze mke wangu. Tuliporudi nilikuta mambo mawili. Sehemu ya shamba langu ilikuwa imepandwa kahawa ya jirani. Jirani huyo alikuwa amewaambia watu kwamba mimi ndiye niliyewaonyesha waasi njia usiku ule.

Nilishikwa kwa siku tatu, nikahojiwa, nikaachiliwa bila kesi. Shamba nililirudisha kwa msaada wa wazee. Jina langu lilichukua muda mrefu zaidi kurudi, na kuna mtu mmoja au wawili ambao nadhani bado hawajaniamini. Jirani hakuwahi kuomba msamaha, nami sikuwahi kumsalimu tena. Imepita miaka zaidi ya ishirini. Jumapili anakaa benchi la tatu kutoka mbele, upande wa dirisha. Nimejifunza kusoma somo lote bila kutazama dirisha hilo.

Wengi mnaosoma ukurasa huu mmewahi kurudi, kama mimi. Wengine mmerudi kutoka Congo, wengine kutoka kambini, wengine mjini. Mnajua kwamba kukimbia huamuliwa na miguu, usiku mmoja. Kurudi ni kazi ya miaka. Nyumba utaijenga na mpaka wa shamba utapimwa, lakini yule aliyekutaja jina atabaki kuwa jirani yako, na ng'ombe wake atapita mbele ya mlango wako kila asubuhi.

Simwambii mtu asahau. Apolo hakujifanya kwamba mkuki haukuwapo, na sidhani alisahau kipigo. Wala sisemi kila atakayerudi atampata Tabaro wake akibatizwa. Wako ambao hurudi na kukuta uadui uleule. Yule aliyekutendea uovu wa damu, huyo ana sheria na wazee wa kumshughulikia, na hakuna wa kukulazimisha umkaribishe mezani. Nazungumzia madeni yetu ya kawaida, ambayo tumeyabeba mpaka tukayazoea.

Nilipopewa zamu ya Jumapili ya kwanza ya Majilio, nilimwambia mchungaji kwamba kama sitakuwa nimemsalimu mtu huyo kabla ya siku hiyo, atafute mwingine wa kuhubiri. Siwezi kuwaambia watu watengeneze njia wakati ile ya kutoka kwangu kwenda kwake, ambayo ni hatua mia mbili, imeota majani.

Jumamosi iliyopita nilikwenda. Nilichukua kilo mbili za chumvi ya Katwe, kwa kuwa si vizuri kwenda mikono mitupu. Hakuwapo. Alikuwa amepeleka kahawa kwenye mashine ya kukoboa. Mkewe alinitolea kigoda bila kusema neno, nikakaa kidogo, tukaulizana habari za wajukuu. Niliacha chumvi pale, nikarudi nyumbani. Sikujisikia mshindi, nilisikia haya kama mtoto.

Bado hajaja wala hajatuma mtu. Labda hataki kuniona. Labda naye anasubiri kuona kama nilikuja kwa kweli au nilipita tu. Jumamosi hii nitakwenda tena, asubuhi na mapema, kabla hajatoka na kahawa yake. Nanyi wenzangu mnaopanga daftari zenu kabla ya Krismasi, mkimaliza kuhesabu wanaodaiwa shilingi na faranga, angalieni kama hakuna jina jingine mlilolifuta zamani. Majilio ni wiki nne, si nyingi, lakini zinatosha kwenda nyumba moja mara mbili.